Usimlaze peke yake: kifafa cha usiku na ubongo uliolala

Bibi mmoja alimleta kliniki mjukuu wake wa miaka minane, mkononi ameshika karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Nyumbani alikuwa akichora mstari wa mkaa nyuma ya mlango kila usiku mtoto aliposhikwa. Siku ya safari akamwomba kijana wa jirani ainakili mistari hiyo na kuandika wakati pembeni. Ilikuwa 17. "Jogoo la kwanza." "Kabla ya adhana." "Ndiyo kwanza amelala." Hakuna hata mmoja wa mchana.

Nikamwuliza anaona nini. Akasema mdomo unavutwa upande wa kulia, mate yanachuruzika, koo linatoa sauti kama mtu anayesukutua maji. Mtoto amefumbua macho, anamtazama bibi yake, lakini neno halitoki. Dakika moja au mbili, kisha analala tena. Mara mbili tu kati ya hizo 17 mwili wote ulikakamaa na kutetemeka kwa nguvu. Asubuhi mtoto anashangaa mto umelowa na shavu linauma kwa ndani.

Hayo ni maelezo kamili ya aina moja ya kifafa cha utotoni ambacho hutokea zaidi usingizini, na ambacho watoto wengi hukiacha nyuma wakifika ujanani. Bibi aliweza kunieleza kwa sababu moja: analala chumba kimoja na mjukuu wake.

Katika familia nyingi ninazokutana nazo, jambo la kwanza linalofanyika mtu akianguka kifafa ni kumtenga usiku. Anapewa chumba cha uani, mkeka wake, kikombe chake, sahani yake. Watu wanaogopa povu. Wengine wanaogopa hata ushuzi wake. Naomba nilieleze wazi: kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa povu, kwa pumzi, wala kwa kulala kitanda kimoja. Na mgonjwa akishatengwa hivyo, amenyang'anywa shahidi wake na mlinzi wake kwa mpigo mmoja.

Kwa nini usiku? Ubongo uliolala haujazimika. Tunalala kwa mizunguko ya kama dakika 90, tunashuka kutoka usingizi mwepesi hadi mzito, kisha tunaingia usingizi wa ndoto, halafu tunaanza upya. Katika usingizi mzito seli za ubongo huwaka na kutulia kwa pamoja, kwa mawimbi makubwa ya taratibu. Fikiria ngoma. Mchana kila mpigaji ana pigo lake, huyu msondo, yule vumi, mwingine chapuo. Usingizi mzito unawaleta wote kwenye pigo moja. Kwa ubongo wenye afya hilo ni pumziko. Lakini kama mahali fulani pana kovu, au seli zinazowaka ovyo, cheche ikiruka hapo inakuta majirani wote wako tayari kuifuata. Kwenye usingizi wa ndoto mapigo hutawanyika tena, na kifafa huwa nadra.

Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alinasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuutangaza mwaka 1929; kipimo hicho ndicho tunachokiita EEG. Mwaka 1947 Erna na Frederic Gibbs wa Marekani wakaonyesha kwamba wagonjwa wengi ambao kipimo chao hakionyeshi kitu wakiwa macho, dalili hujitokeza wakilala. Kwa hiyo ukiambiwa "EEG yako ni safi", uliza: nilipimwa nikiwa macho, au nililala?

Kipimo hicho kina maandalizi yake, na mengi yanaharibika hapo. Mama anafumua nywele za mtoto jana yake, anaziosha kwa sabuni, hapaki mafuta, maana mafuta yanazuia umeme kufika kwenye waya. Mtoto anacheleweshwa kulala, anaamshwa mapema kuliko kawaida. Familia zinapokezana: baba anakaa naye mpaka usiku wa manane, dada anamwamsha alfajiri. Kazi ngumu ni ndani ya basi, mtoto akianza kusinzia dirishani. Mwimbisheni, mwulizeni hesabu, mpeni kitu cha kutafuna. Akilala njiani, akifika kwetu yuko macho kabisa, na safari imekwenda bure. Dawa zake anaendelea kuzimeza kama kawaida, isipokuwa daktari amesema vinginevyo.

Mjukuu yule tulimbandika vitufe 21 kichwani kwa uji mzito mweupe, tukapunguza mwanga, bibi akakaa kwenye kiti kando. Kwa dakika za mwanzo mistari kwenye skrini ilikwenda vizuri tu. Kope zikawa nzito. Yakatokea mafungu madogo ya mawimbi ya haraka, alama kwamba mtu ameingia usingizini kwelikweli. Mara ikaanza miiba: mistari iliyochongoka, mmoja, kisha mitatu mfululizo, yote upande wa kushoto juu ya sikio, mahali panapoongoza uso na mdomo wa upande wa kulia. Mtoto alilala kwa utulivu, hakutikisika. Bibi akainama kwenye skrini akauliza, "Ndiyo hiyo?" Nikamjibu, ndiyo hiyo.

Si kila kinachotokea usiku ni kifafa, na hapa napo shahidi ndiye anayetuokoa. Chukua jinamizi. Mtu anaamka, anaona chumba, anasikia watu sebuleni, lakini hawezi kuinua hata kidole, na kifua kinaelemewa kana kwamba kuna aliyemkalia. Wakati wa ndoto ubongo hulegeza misuli ya mwili ili tusifanye tunayoyaota. Katika jinamizi akili imetangulia kuamka, misuli bado imefungwa. Baada ya sekunde kadhaa au dakika chache kufuli linafunguka. Aliyepatwa na jinamizi anakumbuka kila kitu, na kwa hofu kubwa. Aliyepatwa na kifafa cha mwili mzima hakumbuki; mwili ndio unaomsimulia, kwa ulimi uliong'atwa, shuka lililolowa, misuli inayouma kama ya mtu aliyelima siku nzima. Jinamizi halihitaji dawa ya kifafa. Mara nyingi linapungua mtu akilala saa za kutosha, na akiacha kulala chali.

Halafu kuna mzee anayepigana usingizini. Mke anasema, "Ananipiga mateke, anapaza sauti kama anafukuza mwizi." Ukimwamsha anakusimulia ndoto yenyewe. Kwa huyu lile kufuli la misuli limeharibika. Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minneapolis, Marekani, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1986, na kadiri walivyowafuatilia wagonjwa wao miaka iliyofuata, wengi wakapata ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono na kukakamaza mwili, au mwingine wa jamii yake. Mwaka 2019 utafiti uliokusanya watu 1,280 kutoka vituo 24 ulikadiria kwamba ndani ya miaka 12 zaidi ya 70 kati ya kila 100 hufikia huko. Badiliko limeanza kwenye shina la ubongo, sehemu yake ya chini inayoungana na uti wa mgongo, miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Mzee wa namna hii asichekwe kikaoni. Aletwe, na visu na meza za vioo ziondolewe karibu na kitanda.

Wakati mwingine mambo huwa kinyume: kinachoonekana usingizi ndicho kifafa. Kule Mahenge, wilayani Ulanga, mkoa wa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliona watoto wanaodondosha kichwa mbele, tena na tena, kama mtu anayesinzia ibadani. Miaka mingi baadaye ugonjwa huo ukazungumzwa sana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. EEG ilipopimwa kichwa kikiwa kinadondoka, ikaonekana ni kifafa: misuli ya shingo inapoteza nguvu kwa sekunde chache, kisha inazirudisha. Picha za MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya ubongo, za baadhi ya watoto wa Mahenge zilionyesha makovu, na kwa baadhi dosari zilikuwa kwenye hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu. Kwa watoto wa Uganda baadhi ya picha zilionyesha ubongo uliosinyaa.

Maeneo hayo yote yana usubi, ugonjwa wa minyoo unaosambazwa na inzi wadogo weusi wa kando ya mito yenye maji ya kasi. Wengi wanaujua kama ugonjwa wa upofu na ngozi kuwasha. Leo ushahidi ni mzito kwamba penye usubi mwingi kifafa cha watoto nacho huwa kingi. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba Mahenge mwaka 2017 walikuta kifafa kingi zaidi vijijini, karibu na mito, kuliko pembezoni mwa mji, ingawa dawa ya minyoo hiyo, ivermektini, ilikuwa imegawiwa huko kwa miaka 20. Dawa ile inayogawiwa kijijini kwa kupima urefu wa mtu kwa fimbo, wako wanaoificha chini ya ulimi na kuitema nyuma ya nyumba. Mzazi wa Mahenge ambaye mtoto wake ameimeza, huenda amemkinga zaidi ya macho.

Makovu mengine tunayajua vizuri zaidi. Blantyre, Malawi, watafiti waliwafuatilia watoto 132 waliopona malaria ya ubongo, wakawalinganisha na watoto 264 waliolazwa bila malaria ya ubongo. Katika wale 132, watoto 12 walipata kifafa. Katika wale 264 hakuna hata mmoja. Kuna pia degedege refu. Degedege fupi la homa kwa kawaida halimwachii mtoto alama, na ninataka wazazi walale wakilijua hilo. Lakini likizidi nusu saa, picha za baadhi ya watoto zinaonyesha hipokampasi imevimba, na miaka ikipita uvimbe unaweza kuwa kovu. Ndiyo sababu tunasema dakika 5: ikifika dakika ya tano mtoto bado anarushwa, usingoje, mkimbize kituo cha afya. Kabla ya hapo mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, ondoa vitu vya kumwumiza. Kijiko kinywani hapana. Kunusishwa kitunguu au njiti ya kiberiti hapana. Maji hapana mpaka azinduke kabisa.

Sasa lile gumu, ambalo madaktari wengi hulikwepa. Mgonjwa wa kifafa anaweza kufa ghafla usingizini bila ajali wala sababu nyingine kuonekana. Kwa watu wazima wenye kifafa ni kama mmoja kati ya 1,000 kwa mwaka, kwa watoto ni kama mmoja kati ya 4,500. Mara nyingi ni baada ya kifafa cha mwili mzima, usiku, na mtu anakutwa amelala kifudifudi. Anayeendelea kuanguka usiku ndiye aliye hatarini zaidi, na hatari hiyo hupungua akiwa na mtu mzima chumbani wa kumsikia, kumgeuza ubavu na kumwita jina. Kazi hiyo haihitaji shule wala vifaa. Inahitaji mtu awepo.

Kinga kubwa kuliko zote ni kuvizuia vifafa vyenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata uchunguzi na dawa sahihi. Fenobabito, inayotumika tangu mwaka 1912, ni ya bei nafuu na inamezwa mara moja kwa siku, jioni. Inaleta usingizi, hasa wiki za mwanzo, na watoto wengine huwa watukutu. Ikizidi, rudi tubadilishe. Usiikate ghafla hata kama umepita mwaka bila kuanguka, kwa maana kukata ghafla kunaweza kuleta vifafa mfululizo visivyokoma.

Na mkesha ni hatari ya kweli. Wapo vijana ambao asubuhi baada ya msiba, ngoma au usiku wa kusomea mtihani, kikombe cha chai kinawaruka mkononi. Mama anafoka, "Huna adabu, unamwaga chai?" Ule mshtuko wa mkono ni kifafa, na kinachofuata kinaweza kuwa kuanguka. Kijana wa namna hii akifiwa, azike, kisha ndugu wamruhusu akalale, wengine wakeshe. Mwezi wa Ramadhani muone daktari wiki kadhaa kabla: dawa za mara moja au mbili kwa siku mara nyingi huweza kupangwa kwenye futari na daku, ila usingizi unaokatwakatwa nao una hesabu yake.

Ukija kliniki njoo na aliyeona, au na video ya simu. Mpiga picha aanzie usoni, aonyeshe macho yamefumbuliwa au yamefumbwa, ashuke kwenye mikono, amwite jina kwa sauti, na asikatize mpaka mgonjwa azinduke. Kama hakuna simu, mkaa nyuma ya mlango unatosha.

Na usiku wa leo: kitanda kifupi, au godoro chini, mbali na jiko na kibatari. Mto mwembamba, au usiwepo. Chandarua kichomekwe vizuri. Mlango usifungwe kwa komeo la ndani. Mkeka wa pili utandikwe kando yake, wa mtu mwenye usingizi mwepesi.