Ukikata neno, kata baada ya irabu

Kijitabu chenyewe kilikuwa cha kurasa 12 tu, kuhusu namna ya kuhifadhi maji ya kisima yasichafuke. Tulikipanga katika idara yetu ya uchapishaji hapa Mombasa, safu mbili kwa kila ukurasa wa A4. Safu zilikuwa nyembamba, kwa hiyo maneno marefu niliyakata kwa mkono: nabonyeza kistari, nashuka mstari, naendelea. Prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kupiga chapa, ilitoka safi. Siku mbili kabla ya kupiga chapa ikaamuliwa kijitabu kipunguzwe kiwe cha A5, gharama ishuke. Mistari ikajipanga upya na maneno yakahama, lakini vistari nilivyovipiga viliyaganda maneno yale yale. Sikuirudia prufu.

Wiki moja baadaye nilikuwa kwenye kikao cha akina mama kule Majengo. Mmoja wao, aliyejifunza kusoma akiwa tayari ana wajukuu, alipewa heshima ya kusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Alipofika mstari wa tatu akasita. Akarudi nyuma, akajaribu tena: "Kila mwanan… chi…" Akanigeuzia karatasi, kidole kikiwa juu ya neno.

"Mwanangu, hapa pana maneno mangapi?"

Palikuwa na moja. Ni mwananchi, limekaa katikati ya mstari na kistari kimelipasua: mwanan-chi. Kistari hakikutakiwa kuwapo hapo kabisa, na hata kama kingetakiwa, nilikuwa nimekitia pasipo pake. Mama yule alikuwa anasoma vizuri. Ni mimi niliyemkwaza mbele ya wenzake, na jambo hilo bado linaniuma.

Kwa nini basi tukate maneno? Kwenye ukurasa mpana, wenye herufi 60 au 70 kwa mstari, mara nyingi hakuna haja. Shida huanza kwenye safu ya gazeti, kwenye kipeperushi kilichokunjwa mara tatu, na kwenye simu. Kitenzi chetu hubeba sentensi nzima mgongoni: walivyotushughulikia ni neno moja la herufi 20. Katika safu yenye herufi 30 kwa mstari, likikosa nafasi linashuka zima na kuacha shimo nyuma yake. Maandishi yakiwa yamenyooshwa pande zote mbili, programu huliziba shimo hilo kwa kutanua nafasi kati ya maneno mawili matatu yaliyobaki. Mistari ya namna hiyo ikifuatana, weupe unateremka katikati ya aya kama maji yanayotafuta njia, na macho yanafuata maji badala ya kufuata habari.

Tatizo hili ni la tangu mwanzo wa uchapaji. Biblia ya Gutenberg ya mistari 42, iliyochapwa Mainz huko Ujerumani miaka ya 1450, ina maneno mengi yaliyokatwa, na penye mkato pamewekwa vistari viwili vya mshazari vinavyotokeza nje kidogo ya safu. Huku kwetu, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya mitambo ya wamishonari kufika pwani, na khati ile ina dawa yake: neno halikatwi, bali mwandishi huvuta kiungo baina ya herufi mpaka mstari ujae. Aliyepita chuoni, yaani madrasa, ameuona mvuto huo. Tulipohamia herufi za Kirumi kistari kikaja, lakini sheria za kukitumia tukazoea kuziazima kwa Kiingereza.

Na Mombasa haikuwa na haja ya kuazima. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji, aliyetunga hapa mwanzoni mwa karne ya 19 mashairi ya mizani 16 kwa kila mshororo, 8 kwa 8. Mizani ni silabi. Mtoto anayehesabu mizani kwa vidole anafanya kazi ile ile ya mpanga kurasa. Chukua mshororo huu, niliouunda kwa ajili ya somo tu: "Mwenye duka la vitabu, nifungulie mapema." Mwe-nye-du-ka-la-vi-ta-bu, vidole 8. Ni-fu-ngu-li-e-ma-pe-ma, vidole 8 tena. Sijasikia mtu akihesabu nif-un-gul. Kila kidole kimeishia kwenye irabu, na hiyo ndiyo sheria karibu yote: kata baada ya irabu. Konsonanti zinazofuata, ziwe mbili au tatu, huenda pamoja mstari wa chini. Kwa hiyo nyu-mba, shi-ngo, ma-chu-ngwa, mwe-nye-we. Ng'ombe hukatwa ng'o-mbe, na ritifaa yake haiachani na ng.

M ya mtu na n ya nchi zinahitaji maelezo zaidi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukitamka mtu, nchi, nzi au nta utasikia mkazo umeangukia m au n yenyewe. Ni silabi kamili bila irabu, na malenga huipa kidole chake. Hapa ndipo nilipoteleza na mwananchi. Kwa hesabu ya mizani ni mwa-na-n-chi, kwa hiyo mkato baada ya n ungeweza kutetewa darasani. Machoni haufai, kwa sababu n ile ni kichwa cha nchi, na ukiitenga msomaji anaachiwa "chi" isiyo na maana. Mwana-nchi ndio mkato wake. Vivyo hivyo m ya mwanzo haiachwi peke yake mwishoni mwa mstari, kwa kuwa m moja na kistari haimwambii msomaji chochote.

Kuna maneno yanayonifurahisha kila ninapoyafundisha. Mbuni wa mavazi ni vidole 3: m-bu-ni. Mbuni ukiwa mti wa kahawa nao ni vidole 3. Mbuni yule ndege wa shingo ndefu ni vidole 2: mbu-ni. Mtu mbaya ana mizani moja zaidi katika sifa yake kuliko nyumba mbaya. Herufi ni zile zile, na hakuna mashine inayoweza kujua tofauti kwa kutazama neno peke yake. Bahati nzuri mpanga kurasa hadhuriki, kwa sababu m haitengwi kwa vyovyote vile, na neno la herufi 5 halistahili kukatwa hata kidogo.

Maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu na kwingineko wakati mwingine huja na silabi funge, yaani zinazoishia kwa konsonanti: mak-ta-ba, dak-ta-ri, al-fa-ji-ri. Hapo mkato hufuata konsonanti inayofunga silabi. Washairi wengine huongeza irabu mizani itimie, wakasema labuda. Sisi wa kurasa hatuna ruhusa hiyo.

Kompyuta nayo haina sikio. Njia inayotumiwa na programu nyingi hadi leo ilitoka Chuo Kikuu cha Stanford, ambako Frank Liang aliwasilisha tasnifu yake mwaka 1983, akiifanyia kazi TeX, programu ya kupanga kurasa ya Donald Knuth. Liang aliipa kompyuta vipande vya herufi vyenye tarakimu katikati: tarakimu witiri inaruhusu mkato, tarakimu shufwa inaukataza, na kubwa humshinda mdogo wake. Kwa Kiingereza ilimlazimu kutumia vipande 4,447, na hata hivyo viliifikia takriban asilimia 89 tu ya mikato ya kamusi aliyoitumia. Kiingereza kina haki ya kuhitaji vyote hivyo, maana tahajia yake haifuati matamshi. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa. Kanuni zake kuu zinaenea nusu ukurasa.

Balaa huja pale maandishi ya Kiswahili yanapokuwa kwenye faili inayojitambulisha kuwa ya Kiingereza. Katika lugha hiyo konsonanti mbili za katikati mara nyingi hugawanywa: num-ber, win-dow. Programu inaiona mb ya nyumba kama mb ya number, inakata nyum-ba, na kwa mujibu wa ilivyoambiwa haijakosea. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuitambulisha lugha. Katika Word, chagua maandishi yote kisha uweke lugha kuwa Kiswahili cha Kenya. Kwa tovuti, anayeitengeneza aandike lang="sw" mwanzoni mwa ukurasa. Ikiwa programu yako haina kanuni za kukata Kiswahili, zima kabisa ukataji wa moja kwa moja, panga maandishi kushoto na uuache ukingo wa kulia uwe na mawimbi. Kwa vipeperushi na matangazo ya simu mimi hupendelea hivyo hata pale kanuni zinapokuwapo. Ukingo usionyooka haujamzuia mtu kusoma.

Ukilazimika kukata, usipige kistari cha kawaida. Tumia kistari laini: katika Word ni Ctrl pamoja na kistari, na kwenye tovuti huandikwa ­. Hiki hukaa ndani ya neno kimejificha. Neno likifika mwisho wa mstari hujitokeza, likihama kinatoweka. Kistari cha kawaida hubaki milele. Ukinakili aya na kuituma WhatsApp, kinasafiri nayo. Anayetafuta maendeleo ndani ya faili halipati, kwa sababu lililomo ni maende-leo. Na asiyeona, anayesomewa na simu yake, husikia vipande viwili badala ya neno.

Yanayobaki ni adabu ya kazi. Acha angalau herufi 2 juu na 3 chini. Usiache mistari mitatu mfululizo iishie kwa vistari, usikate jina la mtu, na usimfanye msomaji afungue ukurasa ili apate nusu ya neno. Kitenzi kirefu kikate penye kiungo chake: walio-tutembelea husomeka kuliko waliotute-mbelea. Kisha tazama kile kipande cha kwanza kinasema nini kikiwa peke yake. Sita-kuja humfanya msomaji afikirie watu 6 kabla hajashuka mstari. Hawa-jui humfanya atafute ni akina nani hawa. Na kuna kumaliza, neno la kila siku, ambalo likikatwa baada ya silabi ya pili linaacha tusi zito mwishoni mwa mstari, mbele ya watoto na wakwe. Mkato huo ni halali kwa silabi, halali kwa irabu, na kompyuta itaupitisha bila wasiwasi. Silikati neno hilo popote.

Ndiyo maana kabla ya kupeleka kazi matbaani nachukua penseli na kuteremka nayo ukingo wa kulia, mstari kwa mstari, nikisoma vile vipande vya mwisho tu, kwa sauti. Halafu narudi juu na kuteremka ukingo wa kushoto. Kijitabu cha kurasa 12 huchukua kama dakika 10.