Aina za galaksi na jinsi zinavyopangwa

Galaksi ni kundi kubwa mno la nyota, gesi na vumbi, lililoshikwa pamoja na nguvu ya mvutano. Jua letu limo katika galaksi iitwayo Njia Nyeupe.

Mwaka 1926 Edwin Hubble, mwanaastronomia wa Marekani, alizipanga galaksi kwa kitu kimoja tu: umbo lake linavyoonekana kwenye picha. Mchoro wake unafanana na uma wenye meno mawili.

Kwenye mpini wa uma kuna galaksi duaradufu, zenye alama E na tarakimu. E0 ni duara kama chungwa, E7 imebanwa hadi kuwa ndefu. Tarakimu hupatikana kwa kupima picha: upana ukiwa sehemu 7 kati ya 10 za urefu, zile 3 zilizopungua ndizo zinazoipa galaksi jina E3. Nyingi zina nyota kongwe zenye wekundu, na gesi kidogo ya kuzaa nyota mpya.

Penye panda ya uma kuna S0, sahani isiyo na mikono. Jino moja ni la galaksi zenye mikono iliyojipinda kuzunguka kitovu, kama Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Jino la pili ni la zile ambazo mikono yake huanzia kwenye pao la nyota lililokatiza kitovu. Njia Nyeupe imo humu. Herufi a, b na c huonyesha mikono inavyozidi kufunguka.

Wengi huusoma uma huu kama ngazi ya umri, kutoka mpini kwenda kwenye meno, na hapo ndipo wanapopotea. Galaksi mbili zenye mikono zikigongana zinaweza kuungana na kuwa duaradufu, kinyume kabisa cha mwelekeo wa mchoro.

Zisizo na mpangilio huwekwa kando. Wingu Kubwa la Magellan lilihesabiwa humo, ingawa lina dalili za pao na mkono mmoja. Ukiwa kusini mwa Tanzania, mbali na taa za mji, tazama kusini usiku wa Januari usio na mbalamwezi: utaona doa la weupe hafifu ambalo upepo hauliondoi. Nuru yake imesafiri miaka 160,000 hivi kukufikia.