Uanagenzi katika kampuni kubwa: usibaki na kipande kimoja cha kazi

Fundi wa karakana ndogo hufundisha hata asipokusudia. Mteja anaingia na mashine mbovu, mwanagenzi yupo pembeni. Anasikia malalamiko, anaona mashine ikifunguliwa, anatumwa kutafuta kipuri, anashika tochi wakati wa kufunga, na jioni anamwona mteja akilipa au akigoma kulipa. Kwa siku moja ameiona kazi nzima.

Kwenye kampuni kubwa kazi imekatwa vipande. Anayepokea taarifa ya hitilafu si yule anayepanga ratiba, anayepanga ratiba si yule anayefungua mashine, na anayenunua kipuri yuko jengo jingine, pengine hajawahi kuiona mashine yenyewe. Mwanagenzi akipangiwa kipande kimoja akasahaulika hapo, atamaliza miaka miwili akiwa na sare nzuri, kitambulisho shingoni na ujuzi wa kukaza nati za aina moja. Kama mkufunzi ninayewatembelea wanagenzi kazini, naliona hili likiwaumiza vijana kuliko hata posho ndogo wanayoilalamikia.

Nichukue mfano wa pampu ya maji inayoendeshwa na mota. Beringi, kile kipande kinachoishika shafti ili izunguke kwa ulaini, inakufa, timu ya matengenezo inaitwa, mwanagenzi anasaidia kuibadilisha. Baada ya wiki kadhaa imekufa tena, anasaidia tena. Mara ya tatu mikono imeshazoea na kazi inakwenda haraka, naye anajiona fundi. Nilipomuuliza kijana mmoja aliyekuwa katika hali hiyo kwa nini beringi zinakufa mapema, alinijibu kwa unyofu kabisa: “Sisi ni wa kubadilisha.” Jibu lilikuwa idara ya pili. Kuna watu wanaopima mtetemo wa mashine, na kuna wengine ambao kazi yao ni kunyoosha shafti, yaani mhimili unaozunguka, ya mota ilingane na shafti ya pampu. Shafti inayozunguka mara 1,500 kwa dakika ikipotoka kwa sehemu chache tu za kumi za milimita, inaitafuna beringi kabla ya muda wake. Kijana alikuwa anatibu dalili, na ugonjwa uko mlango wa jirani.

Tulimwombea asubuhi mbili na hao wapimaji. Akaona geji, kipimo chenye mshale, ikifungwa kwenye shafti, shafti ikizungushwa taratibu kwa mkono, mshale ukienda na kurudi. Akaona vibati vyembamba vikiingizwa chini ya miguu ya mota, kimoja baada ya kingine, mpaka mshale ukatulia. Asubuhi mbili tu, na beringi aliyokuwa akiibadilisha kwa mazoea ikapata maana.

Ndiyo maana huwa nawaambia wanagenzi waulize mapema, wiki ya kwanza, juu ya mpango wa mzunguko: nitakaa idara zipi, muda gani kila moja, na nani atanipokea huko. Kampuni iliyojipanga ina karatasi hiyo tayari. Kama haina, omba iandikwe, na mkufunzi wa chuo chako awe shahidi. Ombi la maneno matupu husahaulika siku kazi inapobana, maana msimamizi aliyepata mikono miwili yenye bidii hana haraka ya kuiachia.

Kuomba hivyo si kuomba upendeleo. Mwezi Juni 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi bora. Humo uanagenzi unaelezwa kuwa mafunzo yenye mpangilio, yanayojumuisha kujifunza kazini na kujifunza nje ya kazi, yenye malipo au fidia nyingine ya fedha, na yanayomfikisha mtu kwenye sifa inayotambuliwa. Pendekezo linataka pia mkataba wa maandishi, likizo, kinga dhidi ya ajali na unyanyasaji, na fidia mwanagenzi akiumia kazini. Ni mwongozo kwa nchi wanachama, kwa hiyo nguvu ya kisheria inategemea sheria ya nchi uliyopo. Hata hivyo ni kipimo kizuri cha kuusoma mkataba wako kabla ya kusaini. Ujerumani, ambako kijana hugawa wiki yake kati ya kampuni na shule ya ufundi, sheria ya mafunzo ya mwaka 1969 ilikwenda mbali zaidi: mwanagenzi apewe tu kazi zinazotumikia lengo la mafunzo yake. Kutumwa kupiga fotokopi mara moja moja si dhambi. Kutumwa fotokopi miezi mitatu, wakati mkataba unasema umeme wa viwandani, ni kuvunja makubaliano, na hapo mpigie mkufunzi wako simu.

Kuna jambo moja ambalo kampuni kubwa hufundisha vizuri kuliko karakana yoyote ndogo, nalo ni usalama. Lichukue lote. Kabla mashine haijafunguliwa kwa matengenezo, swichi yake kuu huzimwa na kila mtu anayeigusa kazi hiyo huweka kufuli lake, lenye kibandiko cha jina lake. Ufunguo unakaa mfukoni mwake. Mafundi wakiwa wanne, makufuli ni manne, na mashine haiwezi kuwashwa mpaka la nne litoke. Makufuli yakishawekwa, hubonyezwa kitufe cha kuwashia, ili kuhakikisha kwamba mashine kweli imekufa. Mwanagenzi naye anastahili kufuli lake. Ukiambiwa “ingia tu, kufuli la fundi linatosha”, usiingie. Fundi anaweza kumaliza sehemu yake, akatoa kufuli lake na kuondoka, wewe ukiwa bado mkono uko ndani. Kukataa hapo si utovu wa nidhamu. Ni utaratibu wenyewe, na msimamizi wa kweli atakuheshimu kwa kuujua.

Vivyo hivyo kwa vibali vya kazi, yaani karatasi za kuruhusu kazi ya hatari ianze, hasa kazi za kuchomelea na za kuingia ndani ya matangi. Kisome kibali hata kama jina lako halimo. Kina orodha ya hatari za mahali hapo, zilizofikiriwa na watu waliokutangulia.

Sasa kitabu cha kumbukumbu za mafunzo. Wengi hukijaza usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi, kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, wiki kumi kwa mkupuo. Mkaguzi hulijua hilo akifungua ukurasa wa kwanza. Lakini mwenye hasara ni mwandishi. “Nimesaidia matengenezo ya pampu” haikusaidii lolote mwaka ujao. Linganisha na hii: “Beringi ya upande wa mota imebadilishwa. Ya zamani ilikuwa na rangi ya kuungua, grisi imekauka. Nimeuliza kwa nini. Fundi anahisi shafti haijanyooka. Bado sijaona inavyonyooshwa.” Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoitafuta kila ninapokagua. Inaonyesha kipande ambacho mwanagenzi hajakiona, na msimamizi akiisoma anajua ampeleke wapi wiki ijayo.

Usipige picha za mitambo kwa ajili ya kitabu hicho bila ruhusa. Kampuni kubwa hulinda siri za uzalishaji wake, na picha iliyopigwa kwa nia njema imeshamfukuzisha mtu. Chora kwa mkono. Mchoro hukulazimisha kuangalia, kamera haikulazimishi.

Neno kwa wasimamizi, maana najua baadhi yao wanasoma. Kijana asiyeuliza si lazima awe mvivu. Kampuni kubwa inatisha: lango lina walinzi, watu wanatembea haraka, kila mtu anatumia vifupisho ambavyo mgeni havijui. Dakika kumi za mwisho wa siku, ukimuuliza ameona nini na hakuelewa nini, zinafanya kazi ambayo semina ya siku nzima haifanyi.

Na wewe mwanagenzi, sahihi za kitabu chako zichukue kila wiki, Ijumaa kabla ya kutoka. Kwenye kampuni kubwa wasimamizi huhamishwa vituo bila taarifa ndefu. Aliyeiona kazi yako kwa macho yake mwezi Machi anaweza kuwa mji mwingine ifikapo Juni, na atakayekalia kiti chake hatasaini kazi ambayo hakuiona.