Maana ya usimamizi wa umma pale makazi ya wagonjwa wa akili yanapofungwa

Usimamizi wa umma katika kufunga makazi ya wagonjwa wa akili ni uwezo wa watu na vyombo vilivyo nje ya ofisi iliyoamua kufunga kuhoji sababu za uamuzi huo, kuuona mpango wa uhamisho kabla mkazi wa kwanza hajaondoka, kumfuatilia kila mmoja hadi atulie anakopelekwa, na kuisimamisha kazi yote ikiwa usalama wa wakazi haujathibitishwa. Uwezo huo wa mwisho, wa kusimamisha, ndio unaoachwa mara nyingi, na usipokuwapo mengine yote hubaki kuwa ripoti za kusomwa baada ya watu kudhurika.

Makazi yanayozungumziwa hapa si wodi. Mtu wa Dar es Salaam akisikia habari za matibabu ya akili huenda akafikiria Muhimbili, kliniki za Temeke, Amana na Mwananyamala, au rufaa ya kwenda Mirembe, Dodoma. Huko mgonjwa hulazwa, akipata nafuu huruhusiwa, na ndugu humpokea nyumbani. Makazi ni mahali anapoishi mtu ambaye ugonjwa wake umekuwa wa muda mrefu, au ambaye ndugu zake hawapo, hawajulikani au wameshindwa kumtunza. Anaweza kukaa hapo miaka mingi, hata akazeekea hapo. Nyumba za upataji nafuu, zile ambazo mitaani huitwa soba, zinakaribiana nayo ingawa zilianzishwa kwa ajili ya walioathirika na dawa za kulevya, kwa kuwa baadhi ya wanaoishi humo wana maradhi ya akili pia. Tofauti hiyo ina uzito. Anayeondolewa kwenye makazi hupoteza kwa siku moja kitanda chake, mhudumu aliyezijua dalili za ugonjwa wake, utaratibu wa dawa na watu aliowazoea, na mara nyingi hana wa kumsemea.

Kufunga kwenyewe si uovu. Yapo makazi mengi duniani yaliyogeuka kuwa mahali pa kuwafichia watu, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua katika ibara ya 19 haki ya kila mwenye ulemavu kuishi katika jamii. Italia ndiyo nchi inayotajwa sana katika jambo hili. Daktari Franco Basaglia alipokabidhiwa hospitali ya akili ya Trieste mwaka 1971 alifungua milango ya wodi na kuanzisha vituo vya afya ya akili mitaani, na mwaka 1978 Sheria namba 180 ikapiga marufuku kupokea wagonjwa wapya katika hospitali za aina hiyo nchi nzima. Hospitali za mwisho zilifungwa takriban miaka 20 baadaye. Ni kweli kwamba baadhi ya mikoa ilizembea, na wagonjwa wake waliendelea kukaa katika hali mbaya kwa muda ambao hauna utetezi. Hata hivyo, Trieste, iliyofanikiwa kuliko nyingine, ilifungua vituo vya kuwapokea watu kwanza, ndipo ikaifunga hospitali yenyewe.

Yaliyotokea katika jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, ni kinyume cha hayo, na yanastahili kuelezwa kwa kirefu. Mwezi Oktoba 2015 idara ya afya ya jimbo hilo ilitangaza kuuvunja mkataba wake na Life Esidimeni, kampuni binafsi iliyokuwa ikiwatunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu kwa malipo ya serikali. Sababu zilizotolewa zilikuwa kupunguza gharama na kutekeleza sera ya kuwarudisha wagonjwa katika jamii, sera ambayo kwa maandishi yake ilikuwa njema. Hadi mwishoni mwa Juni 2016 wagonjwa zaidi ya 1,300 walikuwa wamehamishwa kwa haraka, wengi wao wakipelekwa kwa asasi 27 zisizo za kiserikali, ambazo baadaye ilibainika kwamba zote zilikuwa na leseni batili. Wapo waliochukuliwa moja kwa moja kutoka chumba cha kuwauguzia wanaoumwa na kupelekwa mahali pasipo na huduma waliyoihitaji. Wapo waliofungwa kwa mashuka ili wasianguke kwa kukosa viti vya magurudumu. Na baadhi ya asasi zilikuja kuwachukua watu kwa pikapu zisizo na paa.

Mwezi Septemba 2016 waziri wa afya wa jimbo aliliambia bunge la jimbo kwamba waliofariki ni 36. Profesa Malegapuru Makgoba, mchunguzi wa malalamiko ya huduma za afya wa nchi hiyo, alipotoa ripoti yake Februari 2017 alionyesha kwamba siku ile kauli hiyo ilipotolewa waliokwisha kufa walikuwa 77. Idadi iliyokubaliwa mwishoni ni 144. Mbele ya Dikgang Moseneke, Naibu Jaji Mkuu mstaafu, aliyesikiliza usuluhishi na kutoa uamuzi Machi 2018, familia zilieleza jinsi zilivyotafuta ndugu zao asasi baada ya asasi, nyingine zikiwakuta wamekonda kwa njaa au wameshazikwa. Naona pengo kati ya 36 na 77 ndilo funzo zito kuliko yote: ofisi iliyofunga ndiyo iliyokuwa ikihesabu waliokufa, na haikujua hesabu yake.

Asidhani mtu kwamba hakuna aliyeonya. Madaktari wa akili waliandika, asasi za kutetea wagonjwa na ndugu zao walikwenda mahakamani Desemba 2015 wakapata makubaliano, wakarudi tena Machi 2016 kuomba uhamisho wa kundi moja la wagonjwa uzuiwe, na ombi hilo likakataliwa. Umma ulikuwa macho. Kilichokosekana ni chombo huru chenye wajibu wa kisheria wa kuukagua mpango na mamlaka ya kusema hakuna gari litakaloondoka mpaka kasoro hizi zirekebishwe. Ndugu walilazimika kubeba mzigo wa kuthibitisha kwamba uhamisho ni hatari, ilhali mzigo huo ulipaswa kuwa wa idara, ithibitishe kwamba ni salama.

Kwa hiyo mpango wa kufunga unapowekwa mezani, anayeusimamia kwa niaba ya umma haangalii jengo wala mapato ya kiwanja chake. Anamwangalia mkazi mmoja mmoja. Je, yupo kwenye orodha kwa jina lake kamili, na anakokwenda pametajwa? Je, faili na kadi yake ya kliniki vinaondoka pamoja naye, au vitafuata? Anayechomwa sindano kila mwezi atachomwa wapi mwezi ujao, na nani amehakikisha kwamba kituo hicho kina dawa hiyo? Ndugu walioorodheshwa kumpokea wameulizwa na wakakubali, au wamepigiwa simu siku ya kuhamisha? Swali la ndugu linahitaji uangalifu wa pekee hapa kwetu, kwa sababu ni rahisi mno kuandika kwamba mgonjwa amerudishwa kwa familia. Familia yenyewe inaweza kuwa mama mzee anayepanga chumba kimoja Mbagala, mwenye kuuza vitumbua alfajiri, ambaye hawezi kumlinda kijana wake mchana kutwa. Kumkabidhi mgonjwa kwa mama huyo bila posho, bila mhudumu wa afya wa kumtembelea na bila namba ya kupiga hali ikibadilika, ni kumtelekeza, hata kama fomu ya makabidhiano imesainiwa.

Vyombo vya kufanya kazi hii tunavyo kwa sehemu. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na kamati zake zinaweza kumwita waziri na kudai mpango. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anaweza kuchunguza fedha na ufanisi, ingawa ukaguzi huja kwa kawaida baada ya jambo kufanyika. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayotajwa katika ibara ya 129, hupokea malalamiko ya mwananchi yeyote na kuyachunguza. Ibara ya 16 ya mkataba niliokwishautaja inaitaka nchi iliyouridhia ihakikishe kwamba makazi na huduma za watu wenye ulemavu zinafuatiliwa na mamlaka huru, na sioni chombo kinachofaa zaidi kuanza nacho kuliko Tume hiyo, kikipewa watu na nauli za kutosha. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye asidharauliwe, maana ndiye anayejua nyumba ipi mtaani kwake imepokea wageni kumi kwa usiku mmoja.

Wapo wanaozuia usimamizi huu kwa hoja ya siri ya mgonjwa. Siri hiyo ni haki na lazima ilindwe: majina, maradhi na mafaili ya wakazi si ya kusambazwa. Lakini idadi ya wanaohamishwa, wanakopelekwa, leseni za wanaowapokea, bajeti ya kila mkazi, na idadi ya waliougua au kufariki tangu wahame, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofichua ugonjwa wa mtu. Majina yakaguliwe na chombo huru chini ya kiapo, na hesabu zitolewe kwa wote.

Limebaki suala la muda. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi njia ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ina hadi siku 30 kujibu. Makazi yakifungwa kwa notisi ya wiki mbili yatakuwa matupu kabla jibu halijafika. Notisi ndefu peke yake haitoshi vilevile, kwa kuwa Gauteng ilipita miezi minane tangu tangazo hadi mwisho wa mkataba, na miezi hiyo haikuwaokoa watu. Siku za notisi zianze kuhesabiwa tangu mpango kamili, wenye kutaja kila mahali wakazi watakapopokelewa, unapochapishwa na kukabidhiwa kwa familia, na kila mahali pakibadilishwa hesabu ianze upya kwa wakazi wanaohusika.