Kataba si mzizi

Ikielezwa asili ya neno kitabu, hakosekani mtu wa kusema: "Hilo limetoka kwenye mzizi kataba." Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kwa mtu anayefundisha lugha, nikaona bora niandike.

Mzizi wa Kiarabu ni konsonanti tupu, aghalabu tatu. Hapa ni k-t-b. Hautamkiki; umebeba wazo la kuandika, basi. Ukitiwa irabu kwa wazani (kigezo cha kuunda maneno) huu au ule ndipo maneno yanazaliwa: kataba, kitabu, katibu, maktaba.

Kataba, kwa hiyo, ni kitenzi kilichokwisha kuiva. Maana yake "aliandika": mtu mmoja, mwanamume, wakati uliopita. Kinachotuponza ni kamusi, maana hutaja kitenzi kwa umbo hilo, ndilo jepesi kuliko yote, nasi tukadhani ndiyo chimbuko. Ondoa a ya mwisho, utabaki na katab-. Hilo ni shina: libandike -tu upate katabtu, "niliandika", libandike -na upate katabna, "tuliandika".

Sisi tumezoea mzizi unaotamkika. Som- ina irabu yake, na tukinyambua tunaongeza mkiani: somea, somesha, someshana. Kiarabu huingia tumboni mwa neno. Chukua ain-l-m (ain ni konsonanti ya kooni ya Kiarabu; Waswahili tumeimeza). Alima, alijua. Kaza l ya kati, allama: alimjulisha mtu, yaani alifundisha. Tanguliza ta-, taallama: alijifunza. Kwa allama tukapata mwalimu. Kwa taallama tukapata mtaalamu, ambaye kwa Waarabu ni mwanafunzi tu. Huku kwetu akapandishwa cheo.

Tena ugomvi wa nini kilitangulia ni wa kale. Wanasarufi wa Basra, mji wa Iraki, walishikilia kwamba kitenzi hutokana na masdari, yaani jina la tendo; wale wa Kufa, mji mwingine wa hukohuko, wakageuza, masdari ndiyo hutokana na kitenzi. Anayeanzia kwenye kataba ana wazee wa Kufa wa kumtetea kidogo. Lakini hao walikuwa wakibishana neno lipi limezaa neno lipi, na konsonanti tatu za mzizi zimo kote kuwili.

Basi ukiulizwa tena, sema kitabu ni cha mzizi k-t-b. Na kataba ni wa mzizi huohuo, nduguye kitabu.