Demani katika Hori ya Mida: Kuwatambua Ndege Wahamiaji kwa Umri Wao

Siku ya kutazama ndege katika hori ya Mida, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kusini kidogo ya Watamu, pwani ya Kenya, hupangwa kwa kuangalia jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kitu kingine chochote. Kuanzia Agosti hadi Novemba, kaskazini mwa dunia kunapoanza kupoa na huku kwetu upepo wa kusi unapolegea na kuyapisha majira ya demani, ndege wa matopeni hushuka pwani kwa maelfu kutoka Siberia, Asia ya Kati na Ghuba, na tangu wanapotua hula maji yakipwa na kupumzika maji yakijaa, iwe usiku au mchana.

Mimi huchagua siku za bamvua, baada tu ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, kwa kuwa katika pwani yetu siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Asubuhi matope huwa wazi hadi mbali na ndege wametawanyika kiasi kwamba hata darubini nzuri huonyesha madoa tu, kwa hiyo saa hizo nazitumia mashambani Dabaso na ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Kuanzia saa nane mchana mimi huwa nimekwisha kukaa mwishoni mwa daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Maji yanapopanda huwasukuma ndege hatua kwa hatua kuelekea ufukwe wa ndani, na jua likiwa mgongoni kwangu, kila unyoya huonekana. Siku za maji mafu, ambapo maji hayapandi wala kushuka sana, hazina msukumo huo, na mgeni mwenye siku moja tu afadhali azikwepe.

Wanaoanza hujishughulisha mno na jina la kila ndege. Majina yana haki yake, lakini katika miezi hii naona kuna swali lenye faida kubwa zaidi: je, ndege huyu ni mzima au ni kinda wa mwaka huu? Chukua chamchanga mwenye mdomo uliopinda chini, Calidris ferruginea, ambaye huzaliana katika tundra ya Siberia, yaani nyika baridi isiyo na miti. Dume huondoka huko mapema, mara tu baada ya kupandana, na kumwachia jike kazi ya kuatamia na kulea. Jike naye hufuata baadaye, na makinda huondoka mwisho, bila mzazi wala kiongozi. Wanaofika Mida mwezi wa Agosti ni wazima, na wengi bado wana mabaka ya rangi ya matofali kifuani, yaani mabaki ya vazi la kuzalia. Makinda huja baadaye, na hujulikana kwa mgongo wenye manyoya mapya yaliyopangika sawasawa, kila moja likiwa na ukingo mweupe kama magamba ya samaki, pamoja na kifua chenye rangi hafifu ya mchanga. Ndege mwenye uzito wa gramu 60 hivi, aliyeanguliwa mwaka huohuo, amevuka bara zima kwa maelekezo aliyozaliwa nayo. Kila ninapompata mmoja katika darubini humtazama kwa muda mrefu kuliko ninavyohitaji ili kumwandika.

Membe, Dromas ardeola, ndiye anayeyafanya makinda hayo yastaajabishe zaidi, kwa sababu desturi yake ni kinyume kabisa. Ndege huyu mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, huzaliana katika joto kali kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Bahari ya Shamu na maeneo ya jirani, na tofauti na ndege wengine wote wa kundi lake, hutaga ndani ya shimo refu alilolichimba mchangani. Yai ni moja, jeupe, na joto la mchanga wenyewe husaidia kuliatamia. Kinda wake hasafiri peke yake. Hapa Mida, wiki nyingi baada ya kuwasili, utamwona kinda wa kijivu akimfuata mzazi matopeni huku akilia bila kukoma, mpaka apewe kaa. Mbinu za kumvunja kaa asiyetaka kuvunjwa huchukua muda kujifunza, nami naamini hapo ndipo ilipo sababu ya malezi hayo marefu, kwani chamchanga akichoma tope hupata minyoo na vijidudu bila kufundishwa.

Wengine niwataje kwa haraka: vitwitwi wa mchangani kutoka Asia ya Kati; sululu, ambao maji yakijaa hupanda juu ya mikoko; na chamchanga mwingine, Xenus cinereus, mwenye mdomo uliopinda juu, anayewakimbiza kaa wadogo kwa mbio za kuinama. Jua linapokaribia kuzama, keremkerem wekundu, Merops nubicus, waliotoka kuzaliana kaskazini mwa ikweta, huja kulala katika mikoko hiyohiyo.

Ombi langu kwa waongozaji na wageni linahusu ile saa ya maji kujaa. Wakati huo ndege wamebakiwa na kipande kidogo cha mchanga, na wale wazima wanabadilisha manyoya ya mbawa, kazi inayokula nguvu nyingi. Mtu anayetembea kuwaelekea ili apate picha huwarusha wote, na hawana pengine pa kutua mpaka maji yapungue. Kaa darajani, au keti chini ukingoni mwa mikoko kabla maji hayajafika, uwaache waje wenyewe. Ukiona kundi zima limesimama wima na kuacha kujisafisha manyoya, umekwisha kusogea mno. Rudi nyuma polepole. Na ukiandika hesabu yako, tenga wazima na makinda katika safu mbili, kwa sababu makinda wachache kwa miaka mfululizo ni dalili ya mambo kuharibika huko wanakozaliwa, hata kama jumla ya ndege hapa Mida bado inaonekana nzuri.