Utambulisho wa chapa kwa duka la mazao ya shamba

Utambulisho wa chapa ni jumla ya mambo yanayomwezesha mnunuzi kulitambua duka na kulitofautisha na mengine: jina, nembo, rangi, vifungashio, lugha ya wauzaji, hata mpangilio wa matenga mlangoni. Nembo ni sehemu ndogo tu ya hayo, ingawa wengi humtafuta mchoraji kabla hawajajua wanataka achore nini.

Kwa duka linalouza mazao ya shamba lake lenyewe, kazi huanza shambani. Tuchukue mfano wa familia yenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, huko Kibosho, inayouza mjini Moshi ndizi mchare, parachichi, kahawa iliyokaangwa na asali. Mazao kama hayo yanapatikana pia katika masoko ya Mbuyuni na Kiboriloni, kwa hiyo kinachoweza kumvuta mteja hadi dukani ni kujua yametoka wapi, yamelimwa na nani na yalivunwa lini. Utambulisho wote ujengwe juu ya habari hiyo, na habari yenyewe iwe ya kweli.

Jina lina uzito wa pekee. Neno Kilimanjaro limekwisha kubebwa na bia, maji ya chupa, hoteli na kampuni za utalii, na duka dogo likilitumia litamezwa. Jina la kitongoji, la mto unaopita shambani au la bibi aliyeanzisha shamba hukumbukwa kwa urahisi zaidi, mradi liweze kutamkwa kwenye simu bila kurudiwa.

Lebo nayo ifanye kazi ya mwenye shamba pale asipokuwapo. Asali huganda, hasa wakati wa baridi ya Julai, na mnunuzi asiyejua hudhani imechanganywa na sukari. Sentensi moja kwenye chupa, inayoeleza kwamba kuganda ni hali ya kawaida na kwamba asali itayeyuka chupa ikiwekwa katika maji ya uvuguvugu, hujenga imani kuliko picha ya nyuki iliyochorwa kwa ustadi. Kwenye kahawa, iandikwe tarehe ya kukaangwa.

Rangi mbili zinatosha, zikitumika vilevile kwenye bango, lebo na aproni. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo mfuko wa karatasi uliogongwa muhuri wa duka ni tangazo la gharama ndogo.

Jaribio kubwa huja parachichi za shamba zinapokwisha. Kununua za sokoni na kuzipanga kwenye tenga lilelile, chini ya bango la shamba, ni kuvunja utambulisho kwa mikono yako mwenyewe. Ziwekwe kando, na kadi iseme wazi zilikotoka.

Kuhusu sheria, kusajili jina la biashara BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, si sawa na kusajili alama ya biashara, na ni usajili huu wa pili unaompa mwenye alama haki ya kipekee ya kuitumia kwa bidhaa alizozisajilia. Chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ulinzi hudumu miaka 7 kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Upekuzi wa jina na alama ufanyike kabla lebo hazijapelekwa kwa mpiga chapa.